Mazoezi ya dakika nane sebuleni: jinsi ninavyotumia programu ya simu katika flati ya Umoja

Ukiwa na nafasi ya kutandika mkeka mmoja, ukuta mtupu na simu yenye chaji, una vya kutosha kuanza. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu iko Uhuru Market, pale Jogoo Road, Nairobi, na nyumbani ni mtaa wa Umoja, ghorofa ya tatu, chumba kimoja cha kulala na sebule. Kutwa nimeinama juu ya mashine, na nikirudi jioni kuna chakula cha kupika na madaftari ya mtoto ya kuangalia. Gym sina muda nayo. Mazoezi yangu yote nayafanya sebuleni nikiongozwa na programu ya simu, na wateja wanaokuja kupimwa nguo huniuliza sana nafanyaje. Haya ndiyo ninayowaeleza, kwa urefu ambao pale dukani hauwezekani.

Jambo ninaloanza nalo kila mara ni hili: programu ya mazoezi ni nguo ya dukani. Imekatwa kwa mtu wa kadiri ambaye aliyeitengeneza hajawahi kumwona. Haijui kwamba chini yako anakaa mama mwenye mtoto mchanga, kwamba sakafu yako ni vigae, wala kwamba goti lako linauma ukipanda ngazi. Usiivae kama ilivyo, na usiitupe kwa kuwa haikukukaa siku ya kwanza. Ipunguze hapa, iongeze pale, nayo itakufaa kwa miaka.

Ratiba yenyewe

Programu nyingi za mazoezi mafupi yasiyo na vifaa, hasa zile zinazojiita za dakika saba, zinafuata ratiba iliyochapishwa mwaka 2013 na Brett Klika na Chris Jordan, wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Orlando, Marekani, katika jarida la American College of Sports Medicine, chama cha wataalamu wa tiba ya michezo. Ina mazoezi 12. Kila moja hufanywa kwa sekunde 30, kisha unapumzika sekunde 10. Ukijumlisha unapata dakika 7 na sekunde 50, kwa hiyo tenga dakika nane, na tatu nyingine za kupasha mwili moto.

Unaanza kwa kuruka ukitanua miguu na kuinua mikono juu ya kichwa. Kisha unakaa ukutani bila kiti, mgongo umeegemea na magoti yamekunjwa. Zinafuata pushapu, yaani kulala kifudifudi na kujisukuma juu kwa mikono. Unalala chali na kuinua mabega huku tumbo limekazwa, unapanda na kushuka kiti, unachuchumaa na kuinuka, halafu unashika ukingo wa kiti nyuma yako na kujishusha kwa mikono. Inakuja planki, yaani kujinyoosha ukiwa umeegemea viwiko na vidole vya miguu. Baada yake unakimbia papo hapo ukiinua magoti, unapiga hatua ndefu mbele na kushusha goti la nyuma, unafanya pushapu ya kugeuka na kuinua mkono mmoja, na unamaliza na planki ya ubavu.

Tazama mpangilio huo vizuri, kwa maana ndipo siri ilipo. Mwili mzima, miguu, mikono na kifua, tumbo. Kisha tena mwili mzima, miguu, mikono na kifua, tumbo. Na tena mara ya tatu. Miguu ikifanya kazi, mikono inapumzika, na ndiyo sababu sekunde 10 zinatosha kuvuta pumzi. Ukilielewa hilo, unaweza kubadilisha zoezi lolote bila kuharibu ratiba, mradi la miguu ulibadilishe kwa la miguu na la tumbo kwa la tumbo. Anayeruka pushapu kwa kuwa ni ngumu, akaweka kuchuchumaa mahali pake, atachoka mapaja kabla ya kufika nusu ya njia na atadhani mazoezi hayamfai.

Waandishi hao hawakuahidi miujiza kwa mzunguko mmoja wa kulegalega. Walitaka kila zoezi lifanywe kwa nguvu iliyo karibu na mwisho wa uwezo wako, na walisema mzunguko unaweza kurudiwa mara mbili au tatu. Kuna tangazo la programu litakalokuambia dakika saba zinayeyusha kitambi. Lipuuze. Dakika hizi zinakupa mapaja yanayopanda ngazi bila kuhema, mgongo unaostahimili kukaa, na mikono inayobeba mtungi. Kwangu hayo ni makubwa.

Kuchagua programu na kuirekebisha

Mimi napendelea programu inayoonyesha michoro inayosogea kuliko ile ya video. Michoro haili bando, na hata simu ya nafasi ndogo inaibeba. Ukipenda za video, zipakue mahali penye Wi-Fi kabla ya siku yenyewe. Jaribio ni rahisi: zima data, fungua programu, anzisha zoezi. Ikikwama, tafuta nyingine. Hakuna kinachoua hamu ya mazoezi alfajiri kama kijiduara kinachozunguka kwenye kioo.

Kitu cha pili ninachokitafuta ni ruhusa ya kubadilisha. Iwe inakubali kurefusha mapumziko, kupanga upya mazoezi, na kuondoa usiyoyaweza. Isiyokubali hata kimoja kati ya hivyo siiwezi, hata ikiwa na picha nzuri kiasi gani.

Ukiifungua mara ya kwanza itakuuliza maswali mengi. Badilisha vipimo viwe kilo na sentimita, kwani nyingine huja na ratili na futi. Chagua kiwango cha anayeanza, hata kama ulicheza mpira shuleni. Mapumziko yaweke sekunde 20 badala ya 10 kwa wiki tatu za mwanzo. Lengo la wiki liwe siku tatu, lisiwe saba. Programu hupenda kuhesabu siku mfululizo na kukusuta ukikosa moja, na mtu mwenye kazi na watoto atakosa tu. Kwa lengo la siku tatu, kukosa Jumanne hakubomoi chochote. Kelele za kukusuta nimezizima, nimebakisha kengele moja ya saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Ikiomba kuona orodha ya namba zako za simu au mahali ulipo, kataa. Haihitaji kujua uko Umoja ili ikuhesabie sekunde 30. Taarifa za uzito na afya yako ni mali yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kutaka zifutwe katika hali fulani.

Hesabu ya kalori inayotokea mwishoni ni makadirio tu. Simu haijui kama ulichuchumaa hadi chini au uliinama kidogo ukarudi juu. Usiitumie kujipa ruhusa ya chapati ya tatu, wala usiitumie kujinyima chakula.

Sebule kabla ya zoezi

Sogeza meza. Fungua dirisha. Kama unatumia jiko la makaa, usifanye mazoezi chumba kimoja na jiko linalowaka au lililozimwa sasa hivi: moshi wa makaa una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nawe unapohema unaivuta kwa wingi. Hili nalisema kwa uzito wote, hasa Julai, watu wanapofunga madirisha kwa baridi.

Mkeka wa plastiki huteleza kwenye vigae, na leso huteleza zaidi. Mikono na miguu iguse sakafu moja kwa moja, na blanketi lililokunjwa liwe la magoti, viwiko na mgongo tu. Vaa viatu vya raba au uwe pekupeku, soksi zitakuangusha. Kiti cha plastiki, kile tunachokaa harusini, kisitumike kupanda wala kujishusha kwa mikono. Miguu yake hutanuka ghafla. Tumia stuli nzito ya mbao iliyobanwa ukutani, au ngazi ya kwanza nje ya mlango.

Simu iegemeze kwenye mtungi wa maji, usawa wa macho ukiwa sakafuni. Kisha jizoeze kuisikiliza, usiitazame. Ukiwa kwenye planki na shingo imegeuka kutafuta sekunde zilizobaki, shingo ndiyo itakayouma kesho. Soma picha za mazoezi kabla ya kuanza, halafu fuata sauti.

Na maji ya kuoga yatenge kwenye beseni mapema. Wanaoishi kwenye plot ambayo mfereji hutoka siku maalumu wananielewa.

Kufanya bila kelele

Hapa ndipo watu wengi wa flati hukata tamaa. Programu inataka uruke, na saa kumi na moja na nusu alfajiri huwezi kuruka juu ya kichwa cha mtu. Huna haja ya kuruka.

Badala ya kuruka ukitanua miguu, piga hatua pana kulia na kurudi, kushoto na kurudi, mikono ikipanda juu ya kichwa kila hatua. Ifanye kwa kasi, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Badala ya kukimbia papo hapo, inua goti moja hadi usawa wa nyonga, lishikilie kidogo, lishushe kwa vidole kwanza kisha kisigino, halafu jingine. Au simama imara na upige ngumi hewani bila kukoma kwa sekunde 30. Jaribu hilo la ngumi kabla hujalidharau. Moyo utapiga sawasawa na wa anayeruka.

Njia ya pili ya kuongeza ugumu bila kelele ni kupunguza kasi. Ukichuchumaa, hesabu tatu ukishuka, tulia chini hesabu moja, kisha inuka. Pushapu vivyo hivyo. Sauti ya programu itakuhimiza ufanye nyingi ndani ya sekunde 30, usiisikilize. Nane za polepole zilizonyooka ni bora kuliko ishirini za kutikisika. Misuli haijui idadi, inajua imebeba nini na kwa muda gani.

Kuchuchumaa, anayeanza aanze na kitanda. Simama mbele yake, miguu iwe na upana wa mabega, sukuma makalio nyuma kama unayetaka kukaa, gusa ukingo wa kitanda, inuka bila kukaa. Visigino visiinuke, na magoti yafuate mwelekeo wa vidole vya miguu badala ya kuanguka ndani. Ukizoea, ondoka kitandani. Ukizoea zaidi, weka pakiti mbili za unga wa kilo mbili kwenye mkoba wa shule na uuvae kifuani.

Pushapu usianze sakafuni kama huziwezi. Anza ukutani, mikono usawa wa kifua, miguu hatua mbili nyuma. Ukifikisha sekunde 30 bila kukatika, shuka kwenye ukingo wa meza nzito au sinki la jikoni lililojengewa. Kutoka hapo kitanda, na kutoka kitandani sakafu. Kila hatua inaweza kuchukua wiki kadhaa, na hakuna sababu ya kuharakisha. Mwili uwe mstari mmoja kutoka kichwa hadi visigino, viwiko vielekee nyuma kidogo, visitanuke kama mabawa. Binafsi naona kushuka ngazi hizi ni bora kuliko pushapu za magotini, kwa sababu tumbo na makalio yanabaki kazini tangu siku ya kwanza.

Kile ambacho programu haina

Rudi kwenye orodha ya mazoezi 12 utafute zoezi la kuvuta. Hakuna. Yote ya mikono ni ya kusukuma. Sababu inaeleweka: kuvuta kwa uzito wa mwili kunahitaji kitu cha kuning'inia, na sebule nyingi hazina. Lakini sisi tunaokaa kutwa, mafundi, makarani, madereva, mabega yetu tayari yamekunjika mbele. Ukisukuma tu bila kuvuta, unayazidisha.

Kwa hiyo lile zoezi la kujishusha kwenye kiti mimi nimeliondoa kabisa, nikaweka mtungi. Mtungi wa lita 5 uliojaa ni kilo 5, na wa lita 10 ni kilo 10, kifuniko kikazwe. Weka goti na mkono wa kushoto kitandani, mgongo ulale sawa, mkono wa kulia ushike mtungi. Uvute hadi ubavuni, kiwiko kikipita karibu na mwili, kisha ushushe polepole. Sekunde 15 kulia, sekunde 15 kushoto. Ni zoezi la sehemu ya juu mahali pa zoezi la sehemu ya juu, kwa hiyo mpangilio hauharibiki. Maumivu ya katikati ya mabega ambayo mafundi wengi wa nguo wanayajua yamepungua sana kwangu tangu niweke mtungi.

La kukunja tumbo pia nimelibadilisha. Nalala chali, nakunja magoti, nyayo sakafuni, nainua makalio hadi paja na kiwiliwili viwe mstari mmoja. Siyo badiliko safi la tumbo kwa tumbo, nakubali, ila aliyekaa saa kumi haongezewi kukunjika. Anahitaji kufunguka nyonga. Na kwa kuwa pedali yangu huikanyaga kwa mguu wa kulia, hatua ndefu huanza nazo kwa mguu wa kushoto, ukiwa bado na nguvu.

Pumzi, baridi na tahadhari

Programu nyingi huanza moja kwa moja. Usikubali. Tembea papo hapo, zungusha mabega, chuchumaa mara chache nusu, dakika tatu hivi. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ongeza mbili. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mgeni aliyetoka Mombasa atahema kuliko alivyozoea. Arefushe mapumziko, mwili utazoea.

Pumua muda wote. Toa pumzi unapojitahidi, vuta unaposhuka. Wengi huizuia pumzi wakati wa planki na kukaa ukutani, na kuizuia hupandisha shinikizo la damu ghafla. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari, mjamzito na aliyejifungua karibuni aongee na daktari au mhudumu wa kliniki kabla ya kuanza, tena amwonyeshe zile picha kwenye simu, asimwambie tu anataka kufanya mazoezi.

Misuli kuwaka moto na kuuma kesho yake ni kawaida. Kuchomwa ndani ya kiungo, ganzi, kizunguzungu au kifua kubana siyo kawaida: acha hapo hapo, na kifua kikiendelea kubana nenda hospitali.

Wiki inavyokwenda

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni zangu. Wiki za mwanzo fanya mzunguko mmoja. Ukiona unamaliza na bado unaweza kuongea sentensi nzima, rudisha mapumziko kwenye sekunde 10. Ukizoea hilo, ongeza mzunguko wa pili baada ya kupumzika dakika mbili. Januari, sare za shule zinapotujaa hadi usiku, mimi hufanya mazoezi manne ya kwanza tu, mara mbili, na naihesabu kuwa siku kamili.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Hizi dakika nane zinashughulikia hilo la misuli, hasa ukifika mizunguko miwili. Za mwendo tafuta barabarani: kushuka matatu stage moja kabla, kwenda sokoni kwa miguu, ngazi. Mwongozo huo hauulizi kama ulitembea kwa mkupuo mmoja, hata dakika chache chache zinajumlishwa.

La mwisho ni pesa. Ratiba ya mazoezi 12 ni ile ile kwa anayelipa na asiyelipa, na mimi sijaona sababu ya kulipa. Lakini ukijiandikisha kwa siku za majaribio za bure, jua kwamba zikiisha makato huanza yenyewe, na kuifuta programu kwenye simu hakuyasimamishi. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia sehemu ya malipo na usajili, chagua programu hiyo, kisha usitishe. Fanya hivyo siku ile ile uliyojiandikisha. Kwa kawaida siku za bure hubaki zako hadi ziishe.